Mstari Usiotiwa Samadi

Nililelewa nisimfokee mtu aliyenizidi umri, na kwa miaka thelathini na minane niliweza. Nilishindwa asubuhi moja huko Lupepo, kijiji cha Rungwe, mbele ya bibi wa miaka sabini na ushee aliyekuwa ameshika beseni la samadi. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka. Lakini nianze mwanzo, maana hasira yangu haikuanzia kwenye beseni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mzaliwa wa Singida, na nilikuwa nimepata ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya uzamili. Mada yangu ilikuwa samadi ya ng'ombe na mavuno ya ndizi: je, inaongeza, na inaongeza kiasi gani? Mtu yeyote Rungwe angenijibu bure, tena bila kusimama. Chuo hakitaki jibu la bure. Chuo kinataka jibu lililopimwa, likachorewa grafu, likawekewa marejeo ya watu waliopima ndizi za nchi nyingine.

Nilipanga chumba Tukuyu mjini, mtaa unaoitwa Bagamoyo, nikaanza kutafuta kibali. Ofisi ya kwanza ilinipeleka ya pili, ya pili ikataka barua kutoka ya kwanza, ya kwanza ikasema mwenye mhuri yuko semina. Nilizunguka wiki tano. Nilinyeshewa hadi barua ya chuo ikashikana kurasa, na ofisa mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nimeleta nyaraka za serikali zikiwa zimelowa. Nilitazama dirishani, akatazama dirishani, mvua inamwagika kama imelipwa, na bado alisubiri jibu.

Kibali kilipotoka nikapata kaya kumi Lupepo. Kila kaya ilinipa mistari miwili ya migomba. Mstari mmoja unatiwa samadi kila mwezi, mwingine hautiwi kitu. Huo wa pili ndio wa kulinganishia, na bila huo hakuna utafiti, kuna bustani tu. Niliweka vijiti vyekundu kwenye mistari ya samadi na vyeupe kwenye mingine, nikaeleza nyumba hadi nyumba. Wote waliitikia kwa vichwa, wote wakaweka saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Fomu ilisema utafiti huu hauna madhara yoyote kwa mshiriki. Sentensi hiyo niliinakili kutoka kwenye fomu ya mwenzangu aliyekuwa anachunguza mende.

Bibi ninayemsema ndiye alikuwa kaya ya kwanza. Mume alishafariki, ana ng'ombe mmoja, ana wajukuu wanne alioachiwa awalee, na uwanja wake umefagiwa hadi unaona aibu kukanyaga. Nilijifunza kumsalimu kwa lugha ya kwao, kwa heshima ya mama, "Mugonile, juba," naye akawa anacheka namna ninavyolitamka. Hakuna siku niliyopima migomba yake kabla ya kula. Ningefika na futi yangu ya kamba na daftari langu la plastiki, yeye angeshaweka sahani ya ndizi na maharage, na ole wangu niseme nimeshiba.

Kwenye nyumba niliyopanga, chumba cha pili alikaa dada mmoja aliyekuwa anasoma shahada ya sosholojia, akihoji wanawake wa mashamba ya chai. Kazi yake niliidharau waziwazi. Anakaa na watu saa tatu, anarekodi vicheko na vikohozi, anasema hiyo ni data. Jioni moja nilimwonyesha mchoro wa mistari yangu.

"Kaka, hawa watu wamekubali migomba isiwekwe samadi mwaka na zaidi?" akauliza.

"Wamesaini."

"Sijauliza kama wamesaini."

"Wewe endelea na vikohozi vyako," nikamwambia. Akacheka, mimi sikucheka.

Miezi minne ya mwanzo ilikwenda kama kitabu kinavyosema. Mistari yenye vijiti vyekundu ilinenepa, ile ya vijiti vyeupe ikabaki nyuma, na mimi nilikuwa nampigia mke wangu simu kumsomea sentimita. Kisha mwezi wa tano ile mistari ya nyuma ikaanza kuifukuzia ya mbele. Mwezi wa saba nilipima mara mbili nikidhani kamba yangu imevutika. Mikungu iliyotoka baada ya hapo ilipovunwa, nikaipima mmoja mmoja kwenye mizani, kaya kumi, mvua mgongoni. Tofauti haikuwepo. Si ndogo, haikuwepo.

Nikamtumia msimamizi wangu. Huyu alikuwa mtu wa kujibu kurasa sitini kwa sentensi moja, na siku hiyo alijibu kwa moja na nusu: "Pima tena udongo, na kumbuka muda." Muda nilikuwa naukumbuka kuliko jina langu. Nilishapewa nyongeza mara mbili, na barua ya chuo ilisema wazi kwamba mwisho wa muhula ule, kama sina tasnifu, usajili unafutwa. Miaka minne ya kuacha familia ingekuwa imekwenda na maji.

Ndipo nikaenda Lupepo kuchukua udongo, na kwa kuwa bodaboda niliyemzoea alikuwa na safari nyingine, nilipanda ya mtu mwingine mapema na kufika bila taarifa. Sijawahi kufika pale bila taarifa. Huwa napiga simu siku moja kabla, kwa adabu. Bibi alikuwa ametoka bandani na beseni, anakwenda moja kwa moja kwenye vijiti vyeupe. Akamwaga, akasambaza kwa mguu, akafunika na majani makavu vizuri, kwa uzoefu wa mtu asiyefanya jambo hilo mara ya kwanza.

Hapo ndipo nilipofoka. Nilisema ameniua. Nilisema nimesoma miaka minne na yeye amenimaliza kwa beseni. Alinisubiri nimalize, beseni likiwa kiunoni.

"Mwalimu," akasema kwa lafudhi ya kwao, "si ulisema tukusaidie utafiti ufaulu?"

"Ndiyo, juba, lakini..."

"Migomba ilikuwa inakonda. Kila ukija kupima mstali huu unatingisha kichwa, unasikitika. Tukaona mwalimu wa watu anahangaika, ametoka mbali. Tukasema tumsaidie, aende kwao na ndisi nene."

Nilikuwa natingisha kichwa kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yananiingia shingoni. Lakini sikuwa na nguvu ya kulieleza hilo, kwa sababu sikio langu lilikuwa limekwama kwenye neno moja.

"Tukasema? Nani na nani?"

"Wote. Tuliongea Jumapili, baada ya ibada. Tukakubaliana kila mtu atie samadi, ila kwa kufunika, maana wewe ulikuwa umekatasa."

Kaya kumi. Walikaa kikao kuniokoa, wakapitisha kwa kauli moja, na hakuna hata mmoja aliyevujisha. Kijiji ambacho ukinunua viatu vipya asubuhi unaulizwa bei kabla ya saa sita, kilinitunzia siri hiyo karibu mwaka mzima. Nilikaa kwenye jiwe nikacheka kicheko kibaya. Bibi akaingia ndani akaniletea sahani.

Msimamizi nilimweleza kwa simu. Akasema njia ni mbili. Ya kwanza, niandike tu kilichoonekana kwenye mizani: samadi haikuleta tofauti. Nisitaje beseni, niwasilishe, nihitimu. Ya pili, nilete ridhaa mpya, hata za kaya tatu tu, naye ataniombea kwenye kamati mwaka mmoja wa mwisho nirudie.

Nakiri njia ya kwanza niliianza. Niliandika "samadi haina athari ya maana kwa mavuno ya ndizi wilayani Rungwe," nikaitazama sentensi hiyo kwenye kompyuta. Ilikuwa na sarufi nzuri na ilikuwa uongo mtupu. Nilijua bwana shamba fulani angeisoma siku moja na kuwaambia watu wasihangaike na mabanda. Nikaifuta, nikachukua fomu, nikarudi kwa bibi, maana akikubali yeye wengine wangefuata.

Alikuwa anamenya ndizi kibarazani. Nilimwomba radhi kwa makelele ya siku ile. Akasema yalishakwisha. Nikaeleza upya, safari hii polepole: mwaka mmoja, mstari mmoja tu usiguswe, hata ukikonda usiuonee huruma. Nikamwambia ukweli wote, kwamba bila hilo nafukuzwa chuo.

"Pole sana, mwanangu," akasema, na alimaanisha. Akaendelea kumenya kidogo. "Una watoto?"

"Wawili, juba."

"Wasuli?"

"Wazima, namshukuru Mungu."

"Basi mmoja mpe chakula, mmoja asile. Mwaka mmoja. Mimi nitakuja na kamba kuwapima."

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Juba, mtoto si mgomba."

"Wako wanakula nini?"

"Ugali. Wali. Chochote kinachopatikana sokoni."

"Wa kwangu wanakula huu," akasema, akaelekeza kisu kwenye mstari wenye vijiti vyeupe. "Miesi ile minne ya mwanso, kabla hatujaansa kuweka, mikungu ilitoka midogo. Tulipunguza. Jioni tulikuwa tunakula kidogo, ili siku ukija wewe sahani ijae."

Nilikuwa nimekula sahani zile zote. Nilizikumbuka moja moja. Fomu ilikuwa mapajani, na sikuweza kumsogezea.

Niliandika tasnifu kwa njia ya tatu, ambayo hakuna aliyenipa. Nilieleza beseni, kikao cha Jumapili na miezi minne ya kupunguza. Dada wa sosholojia alisoma rasimu usiku kucha akasema ndiyo kazi ya kwanza ya sayansi iliyomfanya alie. Msimamizi alisema hii si tasnifu, ni maungamo, na kamati ikakubaliana naye. Muhula ukaisha, usajili ukafutwa, kama barua ilivyoahidi. Taarifa iliingia kwenye simu nikiwa nimesharudi kazini, niko darasani, kidato cha pili, nikichora mmea ubaoni. Niliisoma mara mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kuchora mizizi. Hasira ilikuwepo, kubwa kuliko ile ya Lupepo, ila safari hii nilitafuta wa kumfokea nikamkosa.