Kikopo cha Baba

Leo nimekutwa na bakteria wa tumbo, ila mgonjwa ni baba yangu.

Ngoja nieleze.

Baba kashuka kutoka Ugweno. Tumbo linamchoma muda mrefu, kakonda, na kumfikisha hospitali hapa Same ilikuwa vita.

Daktari kasema apimwe choo kikubwa.
Baba kakubali. Nikashangaa.

Tunafika dirisha la maabara, anayegawa vikopo ni wifi yangu, dada wa mume wangu.

"Shikamoo baba!"
"Marahaba, mama."

Kikopo kikaingia mfuko wa koti. Baba akanyooka nyuma ya jengo, akanikabidhi mimi kikopo kikiwa kitupu.

"Toa wewe. Siwezi kumpa mkwe kitu kama hiki."
"Baba, mgonjwa ni wewe."
"Makande si tumekula chungu kimoja?"

Mnaomjua baba mnajua hapo hakuna rufaa.

Nikatoa. Nilipanga kumweleza wifi ukweli, lakini foleni ilikuwa ndefu, akapokea, nikampisha wa nyuma yangu.

Majibu: bakteria wapo.

Baba akanigeukia kwa huruma kabisa. "Pole, mwanangu. Kumbe unaumwa na husemi?"

Ikabidi nikiri kwa daktari. Dawa kaniandikia mimi. Baba kaambiwa akachukue kikopo kingine.
Dirisha lilelile.

Tumerudi nyumbani. Kesho nampeleka maabara ya Hedaru. Kakubali, ila kauliza kwanza: "Huko hatujaozesha mtu?"

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mwenye dada aliyeolewa Hedaru naomba anyamaze.