Kaseti ya Kavenya

Kila Jumamosi chai ikishanywewa, Mulinge huiweka deki yake ya kaseti mezani, akachovya pamba kwenye spiriti na kukisugua kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe, mpaka pamba itoke nyeupe. Hewa ya bahari hapa kijijini Munje ina chumvi isiyomhurumia mtu wala chombo. Kisha huzizungusha kaseti zote mbele na nyuma, zisije zikashikana. Deki hiyo aliiomba kwenye stoo ya hoteli ya Diani alikokuwa akiwapigia wageni muziki, siku wakubwa walipoamua kuwa simu inatosha.

Kaseti moja huizungusha bila kuipiga. Ni ya kwaya ya kanisani, na anayeongoza ni mkewe, Kavenya, kabla uvimbe wa koo haujaondoka na sauti yake. Siku hizi Kavenya husema kwa mkwaruzo. "Hiyo usinipigie," alimwambia mumewe, na Mulinge akatii, ingawa ni sauti ile iliyomfanya aoe. Asikudanganye mtu kwamba ni mapishi.

Sasa binti yao Maryanne alikuja na mtoto wake wa pili wa kike, ambaye kwa desturi ya Wakamba alipewa jina la bibi mzaa mama. Kavenya alimpakata mjukuu, akamtazama weee, halafu akasema, "Baba Maryanne, weka ile kaseti. Mwenye jina langu asije akanijua kwa mkwaruzo peke yake."

Mulinge nusura aruke kwa furaha. Usafi wa Jumamosi ukaonekana haumtoshi. Mkamba ni Mkamba, lakini pwani ilikuwa imeshamwingia: mlango ukilia, mafuta ya nazi, baiskeli ikigoma, mafuta ya nazi, utosi ukikauka, hayo hayo. Kwa nini deki inyimwe? Akakidondoshea tone kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe, akabonyeza.

Kwaya ikaanza, na sauti ya Kavenya ikapanda juu yao, safi kabisa. Maryanne akafunga macho. Halafu sauti ikalegea, ikavutika kama ya mlevi, na deki ikaumeza utepe. Mulinge alipoutoa ulikuwa umekunjamana vibaya. Nakala nyingine haikuwapo popote. Machozi yakamtoka mzee wa watu, na hakujisumbua kuyaficha.

"Nimeiua kwa mikono yangu, Mama Maryanne. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwani haya ni maji? Huu ni utepe," Kavenya akajibu, akimkabidhi Maryanne mtoto. "Pangusa huo mpira kwa spiriti, mafuta yatoke yote. Mimi niletee wembe na selotepu."

Akakikata kipande kilichotafunwa, akaziunganisha ncha mbili, akaingiza kalamu ya biki kwenye tundu la kaseti na kuuzungusha utepe ndani taratibu. Mulinge, pamba ya spiriti ingali mkononi, akamsogelea.

"Umejifunza lini?"

"Kila Jumamosi huwa nimekaa hapo. Wadhani nilikuwa naangalia ukuta?"

Wakajaribu tena. Sauti ikapanda vizuri, mpaka ilipofika kwenye kiungo ikaruka. Mstari mmoja wa kiongozi ulikuwa umekwenda na kile kipande, na kwaya ikaitikia wito ambao hakuna aliyeusikia. Mulinge akainamisha kichwa.

"Rudisha nyuma kidogo," Kavenya akasema.

Akarudisha. Safari hii, kabla tu ya kiungo, Kavenya alinyoosha mkono akaisimamisha kaseti mwenyewe. Akamwinamia mtoto na kuuimba mstari uliopotea kwa sauti aliyobaki nayo, yenye mikwaruzo, iliyokatika katikati na kuendelea. Alipoumaliza, akaiachilia kaseti.

Kwaya nzima ikamwitikia.