Suti ya Kijivu Kwenye Matope ya Molo

Nilipofika miaka hamsini na mbili, niliamua kuacha kuvaa kama kijana. Nilikuwa mwalimu Nakuru, na kwa miaka mingi nilienda kazini na jinzi na fulana zenye maandishi kifuani. Siku moja niliona picha tuliyopigwa walimu wote. Tumbo langu lilikuwa limesukuma maandishi hayo mbele kama bango. Jumamosi hiyo hiyo nilienda mtaa wa Bondeni kwa fundi mmoja mzee, nikamwambia anishonee suti.

Alinishonea ya kijivu, kitambaa kizito, mabega yamekaa sawa. Nikanunua mashati meupe na viatu vyeusi vya ngozi, nikaanza kuvipiga rangi kila asubuhi. Watu walibadilika. Benki nilipewa kiti. Kanisani walianza kuniweka safu ya mbele. Nilipenda, sitaficha. Nilipenda kupita kiasi.

Mwaka uliofuata, shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alifariki. Alikuwa mkulima wa viazi huko Molo. Miaka mingi nyuma, tulipomzika mama, ndiye aliyebeba jeneza mbele kabisa, suruali ameikunja magotini, matope yamemfika kwenye ugoko.

Siku ya mazishi yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la maiti lilikwama barabarani, ikabidi jeneza libebwe kwa mabega hadi kaburini, nyuma ya shamba. Wabebaji walikuwa watano. Mmoja akaniona nimesimama kando na suti yangu na mwavuli.

"Mwalimu, kuja ushike hapa nyuma."

Niliangalia njia. Ilikuwa tope tupu, jekundu, laini kama uji.

"Mgongo wangu ni mbaya," nikasema. "Daktari amenikataza."

Mgongo wangu haukuwa na kitu. Hakuna daktari aliyeniambia lolote.

"Pole, mwalimu," akasema, akageuka.

Jirani yao, mzee kunizidi, akatoka kwenye umati na gambuti zake za mpira akashika nafasi yangu. Njiani aliteleza, akaanguka goti moja, na jeneza likainama. Wanawake walipiga yowe. Akajiinua bila kuliachilia.

Tulipofika kaburini, dada yangu aliondoka kando ya watoto wake akaja na kiti cha plastiki. Alikuwa amesikia habari ya mgongo. Akakipangusa kwa leso aliyojifunga, akakiweka nyuma yangu.

"Kaa, ndugu yangu. Usiumie zaidi."

Nikakaa. Mjane alikuwa amesimama mvuani na mimi nimekaa.

Nilikaa na jambo hilo wiki sita. Kisha nikarudi Molo kumwambia dada. Nilimkuta uani akichagua viazi vya mbegu. Nilianza kwa kuzunguka, nikauliza habari za watoto, za ng'ombe, za bei ya mbolea, mwishowe nikasema, "Siku ile, mgongo haukuwa unauma."

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kabla tuanze kwenda kaburini, uliinama ukapangusa kiatu na kitambaa. Ukapangusa na kile kingine. Mtu wa mgongo hainami hivyo."

"Sasa mbona uliniletea kiti?"

"Watu walikuwa wanakuangalia," akasema. "Na mimi nilikuwa nazika bwanangu. Sikutaka aibu ingine siku hiyo."

Akaniambia chai iko jikoni kwenye chupa, nijimiminie. Nilikunywa peke yangu, nimesimama.

Bado navaa suti. Nguo haikukosa, aliyekosa ni mimi. Lakini walimu wachanga wanaponisifu mavazi wakisema, "Mzee, leo umetoka," masikio yangu hupata moto, nami hujifanya natafuta chaki.