Nusu Dakika ya Shangazi

Sijawahi kuona mtu anayeuliza maswali kama Shangazi, na namshukuru Mungu hakuumba wawili. Si shangazi yangu, wala si shangazi wa mtu yeyote darasani. Ni mwanafunzi mwenzetu, miaka arobaini na saba, aliyekaa masijala ya ofisi moja miaka ishirini akipokea na kupeleka barua, kisha akaamka siku moja akasema anataka shahada ya kompyuta. Haya. Mhadhiri wa somo la mitandao akatupanga wawili wawili kwa kazi za vitendo, na mimi kwa bahati yangu mbaya nikapangwa naye.

Somo lenyewe alikuwa ameshalifeli mara mbili. Akifeli mara ya tatu, kanuni za chuo hazina huruma: anafunga virago. Alinieleza hayo siku ya kwanza, bila kulia wala kucheka, huku akizipanga kalamu zangu mezani kwa urefu. Kalamu zangu, jamani! Nani alimwomba?

Kila itifaki, yaani kila kanuni ya mashine kuzungumza na mashine, alitaka aijue mpaka mzizi. Tulifundishwa kwamba kompyuta mbili hazianzi kutumiana kitu mpaka zisalimiane kwa hatua tatu. Sisi tukakariri, tukasonga mbele. Yeye alikwama hapo wiki nzima, mpaka siku moja akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe ni hodi! Mmoja anasema hodi, wa pili anaitika karibu, wa kwanza anasema ahsante, ndipo anaingia. Si wangesema hivyo tangu mwanzo?"

"Shangazi, andika jibu tuondoke, njaa inaniuma."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Uuuwi! Methali hiyo niliisikia muhula mzima.

Wiki ya mtihani wa vitendo tukapewa swichi, kile kisanduku chenye matundu ya kuchomekea nyaya. Kazi ilikuwa kuunganisha kompyuta nne, kisha kujiunga na mtandao wa maabara nzima. Sasa swichi ile ina ulinzi. Ukichomeka waya, tundu linakaa kimya nusu dakika likichunguza kama ujumbe hautazunguka na kurudi ulikotoka, ndipo taa inageuka kijani. Nusu dakika, kwa kila waya! Ukichomoa, unaanza upya. Nilivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili nikauzima ulinzi wenyewe.

"Umezima nini?" Shangazi akauliza.

"Kitu kisicho na kazi. Kinatuchelewesha bure."

"Kama hakina kazi, walikiweka kwa nini?"

"Shangazi, mimi sijawahi kufeli somo. Wewe je?"

Ndivyo nilivyomjibu. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye meza.

Siku ya mtihani kompyuta zetu zote nne ziliitikiana bila matata. Mhadhiri alikuwa meza ya pili kutoka kwetu, anakuja. Nilikuwa nimeanza kupumua nilipomwona Shangazi ameshika waya uliokuwa ukining'inia, ncha moja imo kwenye swichi, nyingine haimo popote. Kwake yeye waya unaoning'inia ni dhambi. Akaona tundu tupu kwenye swichi ileile, akauchomeka humo ili meza ipendeze.

Taa zote zikaanza kupepesa kama zimepandwa na mashetani. Kompyuta zetu zikaganda, kisha za meza ya jirani, kisha za maabara nzima. Watu wakapiga mayowe. Nikamnong'oneza, "Chomoa upesi, ukae kimya, hakuna aliyekuona."

Akachomoa. Kisha akasimama wima na mkono juu. "Mwalimu, ni mimi."

Mhadhiri akaja amekunja uso. "Umefanya nini?"

"Nimechomeka ncha zote mbili za waya kwenye swichi moja. Ujumbe wa kuwaita wote umetoka tundu hili, ukaingia tundu lile, ukatumwa upya, ukarudi tena. Ni kama umbea wa masijala. Unauanzisha mwenyewe, unazunguka vyumba vyote, ukikurudia unausambaza tena kwa sababu umesahau kwamba ulikuwa wako. Na hakuna wa kusema basi, mpaka kazi zote zinasimama."

Haki ya Mungu, mhadhiri mwenyewe hajawahi kueleza vizuri hivyo.

"Lakini swichi hizi zina ulinzi wa kuzuia jambo hilo," akasema. "Nani kauzima?"

Shangazi akakitazama kitambaa chake. Hakunitupia jicho hata kidogo. Mtu aliyeniuliza maswali muhula mzima, leo ndiyo hataki kunitaja! Nilikasirika, maana angenitaja ningebisha. Kisha nikamwona anafungua kinywa, na nilijua kabisa kwamba anataka kulibeba na kosa hilo.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniuliza kwa nini nauzima, nikamsimanga."

Yale maelezo yake yalimpa alama za kufaulu. Mimi nilipata sifuri ya vitendo, na mwaka huu nalirudia somo. Kila Jumanne anapita mlangoni mwa maabara, vitabu amevipanga kwa ukubwa, anachungulia na kuniita mbele ya darasa zima.

"Mwanangu, umekiwasha kile kitu?"

"Nimekiwasha, Shangazi!"

Ndipo anakwenda zake. Mimi nachomeka waya, nanuna, nahesabu mpaka thelathini.