Ndege Isiyo na Ngurumo

Kila ndege ya mizigo ilipokaribia kutua kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nyariek aliingia chini ya kitanda. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpishi hodari wa shughuli za kanisa, lakini majirani walishazoea kukuta sufuria yake ikiungua motoni huku mwenyewe amelala kifudifudi sakafuni. Kwao, Sudan Kusini, ndege ya vita iliwaua binti zake wawili wakiteka maji mtoni. Duop, mwanawe wa mwisho, alikuwa bado ananyonya.

Hata hivyo hakuwachukia marubani. Alisema siku zote kwamba kule juu mtu hawezi kutofautisha binadamu na mbuzi. Walikuwa wanatafuta askari, wakakosea. Kila Jumapili aliwaombea kwa sauti, na maombi hayo ndiyo yaliyomwezesha kulala.

Duop alikua akawa fundi wa simu na sola katika soko la kambi. Siku moja alikwenda Lodwar kufunga sola kwa Cornelius, mpima ardhi wa serikali, akakuta sebuleni ndege ya mfano, ndefu kuliko kochi. Cornelius alimweleza kwamba yeye na wenzake hurusha ndege kama hizo Jumamosi kwa kujifurahisha. Mota yake ni ya umeme, na mtu huiongoza kwa rimoti akiwa chini. Duop aliuliza kama inanguruma. Cornelius akacheka, akasema inavuma tu kama feni.

Hapo Duop akapata wazo. Mama akiishika ndege kwa mikono yake, akaona mwanawe ndiye anayeiamuru, hofu itamtoka. Cornelius alimpa mota ya zamani na kamera ndogo, akamfundisha kurusha. Mabawa Duop aliyachonga kwa povu gumu la maboksi ya kusafirishia samaki kutoka ziwani Kalokol, yakafikia mita tatu. Betri alizihifadhi kando ya mtungi wa maji, maana joto la Kakuma huzivimbisha. Wanawake waliopita kwenda bombani walimwuliza fundi viti vya abiria viko wapi, na kama nauli inalipwa kabla ya kupanda. Nyariek naye akaanza kucheka. Akalipapasa bawa kama mgongo wa ndama, akataka lipakwe rangi ya njano.

Cornelius alishughulikia kibali, akaja mwenyewe siku ya kurusha. Walikwenda uwanda mtupu ng'ambo ya lagga, ule mkondo mkavu wa mto. Ndege ilipaa, ikazunguka, ikapita juu yao. Nyariek alikunja ngumi lakini hakujitupa chini. Duop alijawa na furaha, akamwita atazame skrini ndogo iliyofungwa kwenye rimoti.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni wewe. Si unaona kitenge chako chekundu? Inua mkono."

Aliinua mkono. Mwanamke wa kwenye skrini akainua wake.

"Na mtu angekuwa amekaa ndani yake, angetuona hivi?"

"Angetuona vizuri kuliko hivi, Mama," Duop alisema kwa majivuno.

Nyariek aliifuata ndege kwa macho mpaka ilipomaliza mzunguko mwingine.

"Ile ya mtoni ilikuwa chini kuliko hii," alisema. "Ilipita, ikageuka, ikarudi. Yule mdogo wa dada zako aliipungia mkono. Kumbe walimwona."

Duop aliishusha ndege. Cornelius, ambaye hakujua Kinuer walichozungumza mama na mwana, alikuwa bado anapiga makofi.

Siku hizi ndege ya mizigo ikija, Nyariek haingii ndani. Anasimama uani, uso juu, hadi itue. Kanisani huketi na wengine, ila wakati wa maombi midomo yake haisogei, na usiku Duop humsikia akigeuka kitandani. Cornelius alipopiga simu kuuliza kama mama amepona hofu, Duop alijibu kwamba amepona.

Juzi, akipepeta mtama, Nyariek alimwuliza mwanawe kama marubani wa vita wanajulikana kwa majina. Duop alisema anadhani yupo anayewajua.

"Nani?" mama aliuliza, akauweka ungo chini.