Mafuta ya Alizeti kwenye Mkanda wa Gari

Mkitaka kunicheka anzeni sasa hivi, msisubiri mwisho, maana hata nikiwaficha mimi, kule Kasense mkasa huu unasimuliwa kila gari linapopiga kelele njiani, na jina langu linatajwa lote, la ubatizo na la ukoo.

Mimi ni mtu wa Mbeya, karani katika ofisi moja ya serikali hapa Sumbawanga, na miaka yote niliyokaa mtaa wa Mazwi nilikuwa mtu wa baiskeli, mpaka mwaka ule nilipojipatia gari (lilishapita kwa wenyewe wanne kabla yangu, lakini gari ni gari). Lilikuwa na tabia moja tu mbaya. Asubuhi za baridi, na baridi ya Ufipa mnaijua, ukiliwasha linapiga yowe kule mbele, yiiiii, majirani wanafungua madirisha kuangalia nani kafiwa. Mshikaji wangu mmoja akaniambia, "Huo ni mkanda, peleka kwa fundi." Fundi wa nini? Nikafungua boneti mwenyewe, nikauona mkanda mweusi unazungusha puli zake, nikajisemea kwamba mnyororo wa baiskeli ukilia unautia mafuta, sasa huu una tofauti gani na mnyororo?

Na siku niliyopata wazo hilo la kitaalamu ndiyo ilikuwa siku ya posa yangu.

Nilikuwa nampenda Veneranda, binti wa Mzee Sikazwe wa Kasense, nampenda mpaka chakula hakipiti, na kila mtu aliniambia mzee yule hana mchezo, akikataa mara moja hageuki. Mshenga wangu, Mzee Ambakisye, alikuwa amepanga kwenda na shangazi yangu aliyetoka Mbeya, wapeleke barua. Mwenye kuposa haendi, hilo hata mtoto anajua, anakaa kwao anatokwa jasho. Lakini mimi sikutaka mtu mwingine ashike usukani wa gari langu, nikasema nitawapeleka, nitabaki ndani ya gari nje ya ua, nani atanijua? Mzee Ambakisye akanitazama sana. "Ukitoka humo garini," akasema, "barua nairudisha mfukoni."

Basi asubuhi ile nikachukua chupa ya mafuta ya alizeti jikoni (chupa aliyoniletea Veneranda mwenyewe, kumbukeni hapo), nikaupaka mkanda vizuri, nje na ndani, sikubana hata tone. Nikawasha. Kimya! Nikajiona injinia. Shangazi akapanda na kanga zake mpya, akanisifu, "Mwanangu una mikono."

Tukafika nusu ya njia. Ukungu ulikuwa mzito, nikawasha taa kubwa, hapo hapo likapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye picha ya betri. Nikamwambia shangazi ni ya kuonyesha kwamba betri ipo. Moyoni nikajua betri haichaji, na kwamba nikizima gari ukweni sitaliwasha tena.

Kwa hiyo wao wakaingia ndani, mimi nikabaki nje ya ua, injini inaunguruma, nimejilaza kwenye kiti ili nisionekane. Nilikuwa namsikia Mzee Ambakisye kupitia dirishani, sauti yake nzuri ya kanisani, "Sisi tumepita hapa, tukaona ua kwenye bustani yenu…" Nikaona injini inataka kufa. Nikakanyaga mafuta kidogo tu, ili betri ipate chochote.

Yiiiiiiii!

Mzee Ambakisye akanyamaza. Akaanza tena, "tukaona ua…" Injini ikalegea, nikakanyaga. Yiiiiiiii! Mara ya tatu mlango ukafunguliwa, akatoka Mzee Sikazwe mwenyewe. Sasa kitu ambacho mimi nilikijua na sikukifikiria ni kwamba mzee huyu ana mashine ya kusaga mahindi na ya kukamua alizeti, amesikiliza mikanda maisha yake yote, na kwake mkanda unaolia ni kama mtoto anayelia, hawezi kuendelea na maongezi.

Akagonga kioo. "Wewe dereva, umekufa?"

"Shikamoo mzee. Mimi ni dereva tu."

"Marahaba. Zima. Fungua boneti."

Nikazima (kwaheri betri). Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukabonyea kama godoro la gesti. "Umelegea huu, nati ya alteneta haijakazwa." Kisha akakitazama kidole chake. Akakinusa. Akakinusa tena, taratibu, na mimi nikaanza kusali.

"Alizeti," akasema. "Mbegu zimekaangwa kabla ya kukamuliwa. Hapa Kasense anayekaanga hivi ni mimi peke yangu. Mafuta yangu yamefikaje kwenye gari la dereva tu?"

Watu wote walikuwa wameshatoka nje. Veneranda alikuwa mlangoni, kanga imefunika uso wote isipokuwa macho. Mzee hakugeuka hata kumtazama. "Veneranda, ile chupa uliyompelekea mwalimu wa kwaya. Mwalimu wenyewe ndiye huyu?"

Jamani, nilitamani boneti inifunike. Shangazi alijishika kichwa. Mzee Ambakisye aliingiza mkono mfukoni, nikajua barua inarudi, na Veneranda ndiyo basi tena, na sikuwa na hasira na mtu yeyote zaidi ya mimi mwenyewe.

Mzee Sikazwe akaniletea spana, kitambaa na maji ya sabuni. Nikafuta mkanda, nikafuta puli, nikavuta alteneta, ile inayochaji betri, mpaka mkanda ukanyooka, nikakaza nati, shati langu jeupe la posa likawa la gereji, huku yeye amesimama nyuma yangu anasema tu, "Bado. Bado. Haya, sasa." Halafu ikabidi gari lisukumwe, maana betri ilikuwa imekufa kabisa, akasukuma Mzee Ambakisye na suti yake, akasukuma shangazi, na mkwe wangu mtarajiwa akasukuma katikati yao. Likawaka. Halikulia. Mzee akasema kitu kwa Kifipa, ua mzima ukacheka, na mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Mshenga na shangazi walishapanda, kwa hiyo barua akaipokea kupitia dirisha la gari. "Kijana wenu anajua kunyamazisha," akamwambia mshenga. "Anunue mkanda mpya, aufunge mwenyewe, nitausikiliza. Majibu baada ya hapo."

Niliufunga. Akausikiliza, macho amefumba, muda mrefu kuliko padri anavyosikiliza maungamo. Akanipa binti yake.

Tangu siku hiyo nimeapa, mafuta ya alizeti ni ya kukaangia. Ila kiapo hicho hakijanisaidia nyumbani. Juzi nilimkosea Veneranda (kosa lenyewe acheni), nikarudi na maneno matamu na kitenge kipya, nikaanza kumbembeleza. Akakipokea kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka kabatini.

"Hayo ni mafuta," akasema. "Kaa hapa, tutafute nati iliyolegea."