Kazi ya mama, jibu la bwana

Nilikuwa mtaa wa Buyenzi kwa fundi wa magari, nikisubiri gari langu, karani wa sensa alipoingia uani. Mke wa fundi alimpa chai na sambusa, zile anazowauzia mafundi wa barabara nzima kila asubuhi.

"Mama anafanya kazi gani?" karani aliuliza.

Bwana wake alijibu akiwa chini ya gari: "Andika anakaa tu nyumbani."

Mama alichukua birika na sinia la sambusa, akaingia ndani, akafunga mlango. Mafundi wanne waliokuja kunywa chai walibaki na vikombe vitupu.

"Muzee, toka huko chini!" mmoja akafoka. "Sema vizuri, tuko na njaa."

Bwana akatoka, grisi shavuni. "Futa, karani. Andika anauza chai."

"Apana," mama alisema kupitia dirisha. "Andika niko na hoteli. Na mutu mumoja wa kuosha vikombe."

"Mutu gani?" bwana akauliza.

Mlango ukafunguka, mama akampa bwana beseni la vikombe. Karani akaandika.

Takwimu za mji zitakapotoka, mstari huo nitauamini. Gari langu lilichelewa saa nzima kwa sababu fundi alikuwa anaosha vikombe.